Bao, Neno na Ukale: Uhakiki wa Namna Tunavyotafuta Asili ya Michezo ya Kiafrika

I. Swali na mizani yake

Suala la asili ya michezo ya Kiafrika ni miongoni mwa masuala ambayo kila mtu huwa na jawabu lake kabla ya kuuliza swali. Upande mmoja wako wale walioamini, na hata leo hawajaisha wote, kwamba Mwafrika hakuwa na michezo iliyostahili jina hilo mpaka alipoletewa mpira, filimbi na saa ya kupimia mbio. Upande wa pili wako wale wanaojibu kwa ghadhabu iliyo na haki ndani yake: kwamba kila mchezo uliopo duniani ulizaliwa Afrika, na kwamba atakaye ushahidi na aende Misri akatazame kuta za makaburi. Makala haya hayakusudii kuzipatanisha pande hizi mbili. Yanakusudia kuonyesha kwamba zote zinatumia mizani moja, kwamba mizani hiyo si yetu, na kwamba sisi tunaosoma lugha tunao ushahidi ulio bora zaidi mikononi mwetu, nasi tumeuacha ulale.

Mfano nitakaoutumia ni bao. Nimeuchagua mchezo huu kwa sababu tatu. Kwanza, unajulikana sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na msomaji anaweza kuuona ukichezwa barazani bila kwenda kwenye jumba la makumbusho. Pili, ni mmoja wa michezo inayotajwa mara nyingi watu wanapodai ukale wa michezo ya Kiafrika. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, bao lina lugha yake yenyewe, tajiri na iliyokamilika, ambayo wachezaji huitumia kila siku na ambayo wahakiki wetu wameitazama kwa nadra.

Kabla ya kuendelea, yafaa tulitazame neno "mchezo" lenyewe. Kitenzi "cheza" katika Kiswahili hutumika kwa bao, kwa karata, kwa mpira, kwa ngoma na kwa maigizo. Mtu hucheza kete, hucheza ngoma, na mwigizaji naye hucheza jukwaani. Methali isemayo "Mcheza kwao hutunzwa" haituambii kama huyo mchezaji anapiga mieleka au anacheza ngoma, wala haioni haja ya kutuambia. Mgawanyo wa spoti upande huu, dansi upande ule na drama upande wa tatu umetoka katika shule na ofisi. Haukutoka katika lugha. Kwa hiyo, anayeuliza kama Waafrika wa kale walikuwa na "spoti" amekwisha kuligawanya jambo ambalo wenyewe hawakuligawanya, kisha anashangaa kuona kipande anachokitafuta hakipo.

Wasomaji wa jarida hili wataukumbuka mjadala unaofanana na huu katika fasihi. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi-simulizi ya Afrika, alisema kwamba drama si umbo lililoenea wala kukua sana katika bara hili likilinganishwa na Ulaya na Asia. Waliompinga walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza walikimbilia kutafuta drama ya Kiafrika inayofanana na ile ya Ulaya, ili waseme, "Nasi tunayo." Wa pili waliuliza kama kipimo chenyewe kilifaa. Mjadala ulipata faida kubwa zaidi kutoka kwa hawa wa pili. Katika suala la michezo bado tuko pamoja na wale wa kwanza.

II. Ushahidi wa picha na wa mawe

Hebu tuuchunguze ushahidi unaoletwa mara nyingi. Hapana shaka kwamba kuta za Misri zina picha za michezo. Huko Beni Hasan, katika kaburi la mtawala Baqeti wa Tatu, zimechorwa zaidi ya jozi 200 za watu wakipigana mieleka, kila jozi katika mshiko wake, na picha hizo zina umri wa miaka ipatayo 4,000. Huko Medinet Habu, katika hekalu la Farao Ramsesi wa Tatu aliyetawala katika karne ya 12 kabla ya Kristo, Wamisri wameonyeshwa wakishindana kwa mieleka na watu wa Nubia. Picha hizi ni za Afrika, na mtu anayeiondoa Misri katika Afrika ili azinyime bara hili anafanya siasa, hafanyi historia. Mpaka hapo, hoja ya ukale ni ya kweli.

Lakini mara nyingi hoja haiishii hapo. Msemaji hutoka Beni Hasan akaruka hadi kwa Wanuba wa Kordofani katika Sudani, ambao mieleka yao ilipigwa picha na wageni katika karne ya 20, kisha akaruka tena hadi kijijini kwao mwenyewe, na kusema kwamba mchezo ni ule ule mmoja. Baina ya mruko na mruko ipo miaka elfu kadhaa ambayo haina ushahidi wowote uliotajwa. Mieleka hupatikana karibu kila mahali penye vijana wenye nguvu na ardhi laini. Kufanana si nasaba. Tukimkatalia mwanahistoria wa kikoloni pale alipoona ukuta wa mawe akasema umejengwa na wageni kwa kuwa unafanana na kuta za kwao, basi hatuna budi kujikatalia na sisi wenyewe tunapotumia hoja ya namna hiyo hiyo kwa faida yetu.

Ushahidi wa bao ni wa mawe. Hapa Kenya mfano unaojulikana zaidi ni Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mahali palipochimbuliwa na Mary Leakey kuanzia mwaka 1937. Pana safu za vishimo vilivyochongwa katika mwamba, na mgeni huambiwa kwamba hilo ni bao la watu wa kale. Huenda ni kweli. Lakini mwamba una umri wake, na shimo lililochongwa juu yake lina umri mwingine. Mahali hapo palikaliwa na watu katika vipindi mbalimbali vilivyoachana sana, na mchungaji yeyote aliyepita baada yao, akiwa na jiwe gumu na alasiri ndefu mbele yake, angeweza kuchonga vishimo vile. Vivyo hivyo kwa vishimo vinavyoonekana juu ya mawe ya mahekalu ya Misri: hekalu ni la Mafarao, lakini kishimo chaweza kuwa cha mlinzi aliyekaa pale karne nyingi baadaye.

Tena hoja ya vishimo ina hatari kwa anayeitumia. Huko 'Ain Ghazal katika Jordani limefukuliwa bamba la jiwe lenye safu mbili za vishimo, la enzi ya mawe mapya, na mwaka 1992 liliandikiwa makala kama ubao wa mchezo. Wako wanaokubali na wako wanaotilia shaka. Lakini tukishikilia kwamba vishimo peke yake vyatosha kuwa ushahidi, basi itatubidi tuukabidhi ukale kwa Jordani, tufunge majadiliano. Mwenye kujenga hoja yake juu ya ukale hushindwa siku lile jiwe jingine litakapofukuliwa.

III. Ushahidi wa kipimo cha mgeni

Aina ya pili ya ushahidi ni ule ulioandikwa na wageni waliotusifu. Huu nao wataka uangalifu, maana sifa nayo yaweza kupotosha kama dharau. Mfano mashuhuri ni ule wa Rwanda. Mwaka 1907 Mwana-mfalme wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipopita Rwanda alishuhudia mchezo wa kuruka uitwao "gusimbuka urukiramende". Ipo picha ya kijana akiruka juu ya kamba huku wazungu wawili wamesimama chini yake, na iliandikwa kwamba watu wa huko huruka urefu wa mita 2.50. Picha hiyo imechapishwa tena na tena. Wengine waliifanya ushahidi wa kwamba Mwafrika ni mnyama mwenye misuli ya ajabu. Wengine wakaifanya ushahidi wa kwamba sisi tulikuwa mabingwa wa riadha kabla ya riadha.

Mwaka 2002 John Bale alikitolea jambo hili kitabu kizima, na jambo lenye manufaa katika uhakiki wake ni kwamba aliwahoji waandishi wa sifa kama vile wengine wanavyowahoji waandishi wa dharau. Mrukaji wa Rwanda aliruka kutoka juu ya kitu kilichoinuka kidogo kutoka ardhini, na kwa hiyo hesabu yake haiwezi kuwekwa kando ya hesabu za mashindano ya Olimpiki. Zaidi ya hayo, mwenye kuhesabu mita alikuwa mgeni. Mchezo wenyewe ulikuwa na makusudi yake, mahali pake na adabu zake katika maisha ya Wanyarwanda. Mgeni aliyachukua yote hayo akayabadilisha kuwa tarakimu moja, kisha tarakimu ikaenda Ulaya, na mchezo ukabaki nyuma bila kuelezwa.

Hapa ndipo ninapoona kwamba pande mbili nilizozitaja mwanzoni zimekaa juu ya mkeka mmoja. Mdharau anasema, "Hawakuwa na riadha." Msifu anasema, "Waliruka mita 2.50." Wote wawili wameafikiana kwamba heshima ya mchezo hutokana na kufanana kwake na mchezo wa Ulaya, au na kuutangulia kwa umri. Hapana anayeuliza mrukaji mwenyewe aliliitaje tendo lake, nani alimwamuru, nani alimshangilia, na maneno gani yalitumika.

IV. Ushahidi wa lugha

Nasema kwamba ushahidi ulio bora tunao katika lugha. Si kwa kuwa lugha haidanganyi. Lugha hudanganya kama shahidi mwingine yeyote asipohojiwa. Ni kwa kuwa mchezo unapohamia kwa watu wapya huacha nyayo katika maneno yao, na nyayo hizo zinaweza kusomwa.

Tuanze na karata. Jina lenyewe ni la Kireno, na maneno ya ndani ni hivyo hivyo: kopa, uru, pau na shupaza, pamoja na turufu, yote yana asili katika lugha ya wale waliojenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia mwaka 1593 na kufukuzwa humo mwaka 1698. Hata kama vitabu vyote vya historia vingeteketea, mwanaisimu angeweza kusema mchezo huu ulishuka kutoka katika jahazi la nani. Sataranji nayo hubeba jina la Kiajemi lililopitia Kiarabu. Mpira wa miguu umetuletea goli, kipa, refa, kona na penalti. Michezo ya kupokewa haifichi ugeni wake.

Sasa tuliweke bao kando ya hiyo. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64, ambazo aghalabu ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji anamiliki safu mbili. Mwanzoni huweka kete 10 tu ubaoni: 6 katika shimo la mraba liitwalo nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata upande wake wa kuume. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, na kila zamu huingizwa moja. Hii ndiyo sehemu ya kunamua. Kete za mkononi zikiisha, huanza sehemu ya mtaji. Mashimo ya ncha za safu ya mbele huitwa vichwa, na kichwa pamoja na shimo la jirani yake huitwa kimbi. Mchezaji asiyeweza kula hutakasa. Kete ya mwisho ikiangukia katika shimo tupu, mwendo umelala. Akishindwa mtu kabla kete za mkononi hazijaisha husemwa kwamba amefungwa mkononi. Na safu yake ya mbele ikibaki tupu, neno ni moja tu: hamna.

Nyumba, kichwa, mkononi, kula, kulala, takasa, namua, hamna: maneno haya takriban yote yamejengwa kwa mbao za nyumbani. "Takasa" ni kauli ya kusababisha ya "takata". "Namua" lina umbo la vitenzi vya kutengua, kama "fungua" na "nasua". "Hamna" ni sarufi tupu ya Kibantu, kikanushi na kiambishi cha mahali ndani ya neno moja. Lipo neno "safari", litumikalo mchezaji anapoamua kete za nyumba ziendelee na mwendo, nalo ni la asili ya Kiarabu; lakini hilo ni neno lililokwisha kuwa la kila mtu, wala halikuja likiwa limebebwa na mchezo huu.

Mtu aweza kunijibu kwamba Kiswahili kinajua kutafsiri. Je, hatuna "mlinda mlango" na "mshambuliaji", maneno ya Kibantu kwa mchezo wa Kiingereza? Jawabu ni kwamba tafsiri nayo ina alama zake. "Mlinda mlango" ni neno linalojieleza. Lilitungwa ili lifahamike mara moja, na "kipa" bado yuko kando yake akisubiri. Maneno ya bao hayajielezi. Asiyecheza hawezi kukisia kwa nini kucheza bila kula kuitwe kutakasa, wala kimbi ni nini. Na hayana pacha wa kigeni kando yake. Hayo ni maneno yaliyokua barazani kidogo kidogo, kama njia ya miguu inavyochimbika, wala hayakuwekwa na kamati.

Ushahidi huu unaungwa mkono na ule wa mtawanyiko. Michezo ya jamii hii, ambayo wageni huiita mankala kwa kutumia neno la Kiarabu lenye maana ya kuhamisha, imeenea mbali: oware kwa Waakani wa Ghana, ayo kwa Wayoruba, gebeta kwa Wahabeshi. Hapa Kenya Wagikuyu wana giuthi, Waluo ajua, na Wamaasai enkeshui. Lakini ubao wa safu 4 una eneo lake hasa, nalo ni Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Katika eneo hilo hutokea jina lenye mzizi mmoja: isolo kwa Wasukuma, igisoro Rwanda, kisolo kwa Waluba wa Kongo, nsolo Zambia, tsoro kwa Washona. Mzizi ulioenea kutoka maziwa makuu hadi kusini mwa Zambezi si kitu cha kupuuzwa. Mtu anayetaka kujua umri wa mchezo huu angefanya vyema kuyafuata mabadiliko ya sauti katika majina hayo, ayatenge yaliyorithiwa na yaliyokopwa, kabla hajaenda kupima mwamba.

Nje ya bara na visiwa vyake, ubao wa safu 4 unajulikana Omani, ambako mchezo huitwa hawalis. Tumezoea kufikiri kwamba kitu kikionekana Omani na pwani yetu, basi kimetoka kule kuja huku. Hapa mambo yaelekea kuwa kinyume. Mchezo wenye jamaa wengi bara, hadi mahali ambako jahazi halifiki, na wenye jamaa mmoja ng'ambo, yamkini umevuka bahari kutoka kwetu, kwa njia zile zile zilizoiunganisha Unguja na Maskati katika karne ya 19. Neno "bao" lenyewe limesafiri pia: Malawi huchezwa kwa jina la bawo.

Msomaji ataona kwamba sijataja mwaka hata mmoja wa kuzaliwa kwa bao. Lugha haitupi mwaka. Lakini imetupa kitu ambacho mwamba haukuweza kutupa: imetuonyesha watu waliokaa na mchezo kwa muda mrefu kiasi cha kuutungia fikra. Katika oware kete zilizoliwa hutolewa ubaoni. Katika bao kete zilizoliwa hazitoki. Hupandwa upande wa aliyekula, na kesho zaweza kuliwa tena na mwenyewe wa kwanza. Ndiyo maana uwezo wa kula huitwa mtaji, neno lile lile la mfanyabiashara. Mali haipotei duniani, hubadilisha mwenyewe. Na nyumba hubaki nyumba maadamu ina kete 6 au zaidi. Hii ni falsafa ya watu wa bandari, nao hawakuiandika katika kitabu. Waliiweka katika istilahi.

V. Muyaka na msomaji asiyejua bao

Yako maandishi pia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga shairi juu ya bao, na wachunguzi wa historia ya mchezo huu wamelitumia kama ushahidi wa kwamba bao lilikuwa limekwisha kukomaa pwani katika zama zake. Mashairi yake yalihifadhiwa katika vinywa vya watu wa Mombasa, yakakusanywa na William Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940, na kufanyiwa uchunguzi na Mohamed Abdulaziz katika kitabu kilichotoka mwaka 1979. Kwa hiyo bao si jambo la pembeni katika fasihi yetu. Limo ndani ya diwani ya mshairi ambaye kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hupaswa kumsoma.

Muyaka aliishi katika mji uliokuwa ukishindana kwa maneno na kwa silaha: Wamazrui wa Mombasa upande huu, Seyyid Said upande ule. Ushairi wake umejaa mafumbo ya siasa. Katika mazingira hayo, mshairi anapoutaja mchezo wa watu wawili wanaokabiliana, wenye nyumba, mtaji na kete za mkononi, mhakiki hawezi kupita akasema kwamba haya ni maneno ya starehe tu. Lakini hawezi pia kusema zaidi, kama hajui mchezo. Hajui lipi ni shambulio na lipi ni kujihifadhi, lipi ni tishio na lipi ni hadaa.

Mwaka mmoja nililileta shairi hilo darasani. Wanafunzi walifanya kazi kama tulivyowafundisha: walihesabu mizani, wakataja vina, wakafungua kamusi, na kila neno likapata maana yake. Nilipouliza, "Je, nani kashinda?" darasa likanyamaza. Nami, niseme kweli, nilikuwa nimekaa na kitabu hicho kwa miaka mingi bila kujiuliza swali hilo. Baadaye nilimwendea mzee mmoja katika Mji wa Kale, mchezaji hodari, nikamwamkia, nikamsomea. Hakunieleza kwa maneno. Aliniambia, "Kaa hapo, mwalimu," akapanga kete, akaanza kunamua polepole, akiyataja matendo moja baada ya jingine. Nilitoka pale nikijua kwamba tumekuwa tukifundisha tahajia ya shairi na kuliita fasihi.

VI. Ubao bila maneno

Yanayotupotea si madogo. Hebu turudi Misri kwa mara ya mwisho, maana hapo ndipo pana funzo ambalo hoja ya ukale haikulitaja. Wamisri wa kale walikuwa na mchezo wa ubaoni uitwao seneti. Umechorwa makaburini, umetajwa katika maandishi, na kaburi la Tutankhamuni lililofunguliwa mwaka 1922 lilikuwa na mbao kadhaa za mchezo huo, nzuri za kustaajabisha, pamoja na vifaa vyake. Ukale wake haubishaniwi na mtu. Lakini kanuni zake kamili hazikutufikia. Zinazochezwa leo ni makisio ya wataalamu. Ubao upo, kete zipo, na mchezo haupo, kwa kuwa wachezaji waliondoka na maneno yao.

Kwa upande wa pili, mwaka 2020 UNESCO iliandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika michezo ya jamii hii hii ya mankala, yaani ile ya Kazakstani, Kirigizia na Uturuki. Sina kinyongo na jambo hilo, nalo ni la kuwapongeza. Watu hao waliyatunza majina, kanuni na desturi za michezo yao, na mwenye kutunza hutunzwa. Lakini sisi tumeshughulika kumwambia ulimwengu kwamba mchezo wetu ni wa kale kuliko wao, ilhali wachezaji wanaoijua lugha ya bao kwa ukamilifu wanazeeka, na vijana wengi wanaolijua neno "bao" wanalijua redioni, mtangazaji anapopaza sauti kwamba bao limefungwa. Neno limepata kazi mpya katika mpira, na hiyo ni dalili ya uhai. Lakini neno laweza kuishi na mchezo ukafa.

Kwa hiyo napendekeza kwamba sisi wa idara za lugha tuliweke suala la ukale kando kwa muda, si kwa kuwa halina maana, bali kwa kuwa halina haraka. Mwamba wa Hyrax Hill utatungoja. Mzee wa barazani hatatungoja. Istilahi za bao zikusanywe Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, pamoja na tofauti zake za mahali. Zikusanywe na zile za giuthi, ajua na enkeshui kwa lugha zenyewe. Na zikusanywe mchezo ukiwa unachezwa, kwa maana mchezaji akiulizwa pembeni husahau nusu ya anayoyasema akiwa na kete mkononi. Yasikusanywe maneno ya mwendo peke yake, bali pia ya kebehi, ya kumsifu mshindi na ya kumliwaza aliyefungwa. Kisha na turudi kwa Muyaka tukamsome upya. Na mhadhiri atakayemfundisha Muyaka, mimi nikiwa wa kwanza, na ajifunze kwanza kunamua.